Chupa ya shemeji na maili zako: jinsi ya kuvuka eapoti bila kuacha kitu kwenye ndoo

Binti wa dada yangu alinipigia simu juzi saa nne usiku, mimi nahesabu mauzo. "Shikamoo mama mdogo. Nimepata tiketi ya Guangzhou, napitia Addis. Baba anataka chupa ya wiski nikirudi. Niinunue wapi?"

Nikamwambia, marahaba mwanangu, ila umeanza kuuliza bei kabla ya kuuliza njia. Unarudi kwa kupitia wapi, na unakaguliwa mara ngapi? Akanyamaza. Nikamrekodia sauti ya dakika kumi na moja, naye akawarushia wenzake, na tangu hapo simu yangu haipumziki. Basi nayaandika, asome kila anayetaka.

Mimi nauza viatu na mikoba Kariakoo. Naenda Guangzhou tangu 2009, Dubai mara nyingi zaidi, Istanbul nikipata mteja wa jumla. Tiketi nalipa mwenyewe, kwa hiyo kila shilingi iliyonipotea eapoti naikumbuka kwa jina. Zimepotea kwa njia mbili: chupa zilizotupwa na maili zilizokufa, yaani zile pointi ambazo shirika la ndege hukupa kila ukiruka nalo. Na zote mbili chanzo chake kilikuwa kimoja, sikuisoma tiketi yangu kuanzia kituo cha mwisho kurudi nyuma.

Anza na karatasi. Andika kila mahali utakapopitisha begi la mkononi kwenye mashine. Dar unapoondoka, hapo ni mara moja. Addis unapobadilisha ndege, mara ya pili, maana abiria wa kuunganisha naye anakaguliwa hata kama hajatoka nje. Guangzhou ukirudi, ya tatu. Addis tena, ya nne. Kila mstari kwenye karatasi hiyo ni mahali ambapo kimiminika chako kinaweza kuishia kwenye ndoo.

Sheria yenyewe unaijua nusu. Agosti 2006 polisi wa Uingereza walivunja njama ya kulipua ndege kwa vilipuzi vya maji vilivyofichwa kwenye chupa za vinywaji. Tangu hapo ikawa kila chombo kisizidi mililita 100, vyote vikae kwenye kifuko kimoja cha kuonyesha cha lita moja. Wanachosahau watu ni kwamba kinachohesabiwa ni ukubwa wa chombo. Chupa ya mililita 200 yenye losheni ya kidole kimoja chini, inatupwa.

Chupa ya dukani, ile ya dyuti-frii, ina njia yake. Muuzaji anaitia kwenye kifuko kigumu cha kuonyesha chenye ukingo mwekundu, anaweka risiti ndani mahali inaposomeka, kisha anakifunga kwa gundi. Kifuko hicho ndicho pasipoti ya chupa. Ukikifungua kabla ya kufika kituo cha mwisho, chupa imekuwa maji kama maji mengine.

Mimi nilikifungua. Ilikuwa safari yangu ya tatu, nimenunua wiski ya shemeji na manukato yangu, muuzaji akavitia kifuko kimoja. Nikiwa nasubiri ndege ya pili kwenye kiwanja kimoja cha kubadilishia, mwenzangu akasema, hebu tunuse hayo manukato. Tukanusa. Mwendo wa dakika ishirini mbele kulikuwa na mashine nyingine, na kijana mmoja mpole sana akanionyesha ndoo. Nilimbembeleza kwa Kiswahili na kwa Kiingereza changu cha sokoni. Wiski ikaenda, manukato yakaenda. Shemeji mpaka leo anaamini niliinywa.

Kwa hiyo kanuni yangu ni hii: chupa inunuliwe kwenye kiwanja cha mwisho kabla ya nyumbani. Huyu binti asinunue Guangzhou, anunue Addis akirudi, akishavuka ukaguzi wa mwisho. Na kabla ya kutoa pesa amuulize muuzaji swali moja: "Kuna mashine nyingine kabla ya geti?" Viwanja vingine huwa na ukaguzi mlangoni mwa ndege kabisa. Muuzaji ukimwonyesha boding pasi atajua akufungie vipi.

Kuna habari zinazunguka kwamba mililita 100 imefutwa. Imefutwa mahali, si kila mahali. Edinburgh na Birmingham, kwa mfano, mwaka 2025 walianza kuruhusu chupa za hadi lita mbili kwenye begi la mkononi kwa sababu wana mashine mpya zinazoona ndani ya begi. Ndugu zetu wa huko wakatuma video za furaha. Lakini ukitoka Edinburgh na chupa yako ya lita moja, ukabadilisha ndege mahali penye mashine za zamani, furaha inaishia hapo. Rudi kwenye karatasi yako. Kiwanja chenye sheria ngumu kuliko vyote kwenye njia yako ndicho kinachokutawala safari nzima.

Na neno "bila ushuru" lisikulevye kabla ya chupa. Duka la kwanza la namna hiyo lilifunguliwa Shannon, Ireland, mwaka 1947, wakati ndege zikisimama pale kujaza mafuta kabla ya kuvuka bahari. Tangu siku hiyo wameshajifunza kwamba abiria aliyechoka hapigi hesabu. Kabla sijaondoka Dar napiga picha bei ya ile chupa kwenye duka la jirani. Mara nyingine tofauti haifiki hata nauli ya bajaji.

Mzigo wa chini

Sasa wale wanaotaka kuitia kwenye sanduku. Hapa soma lebo, tafuta asilimia ya kilevi. Isiyozidi 24, yaani bia na divai ya kawaida, usalama wa ndege haukuwekei kikomo, utashindana na kilo zako tu. Ikizidi 24 hadi 70, lita tano kwa mtu mmoja, na iwe kwenye chupa yake ya kiwandani iliyofungwa. Konyagi yetu ina 35, ipo kundi hili. Zaidi ya 70 haipandi ndege ya abiria, si juu si chini. Na gongo kwenye chupa ya maji ya Kilimanjaro haina lebo, haina asilimia, haina kiwanda. Usijaribu. Hata kama bibi ndiye aliyeipika.

Lita tano hizo ni sheria ya ndege. Forodha ni mlango mwingine kabisa na watu wanachanganya. Kuingia Tanzania, Kenya, Uganda na kwingine ndani ya Afrika Mashariki, msamaha wa ushuru kwa mtu wa miaka 18 na zaidi ni lita moja ya pombe kali, au lita mbili kama ni divai. Ukibeba zaidi, pita upande wa kutangaza mzigo, ulipe, uende zako. Dubai wanaruhusu lita nne, au katoni mbili za bia za makopo 24. Uingereza lita nne za pombe kali. Marekani lita moja, tena uwe umetimiza miaka 21. Wanaokwenda Marekani wakumbuke pia kwamba kwenye kiwanja cha kwanza cha kuingilia unachukua sanduku lako na kulikabidhi upya kama unaunganisha ndege ya ndani. Hapo ndipo pa kuihamisha chupa ya dyuti-frii kutoka mkononi kwenda sandukuni, maana mbele yako kuna mashine nyingine.

Kuna kwingine usibebe hata tone: Saudi Arabia, Kuwait, na Sharjah. Sharjah ndiyo inayowakamata wafanyabiashara. Tiketi ya kushukia Sharjah wakati mwingine ina bei nzuri, na Dubai ni mwendo mfupi kwa gari, basi mtu anadhani sheria ni moja kwa kuwa nchi ni moja, Falme za Kiarabu. Si moja. Sharjah ni kavu. Ukishukia huko, chupa iache Dar.

Namna ya kufunga. Zungushia mkanda wa gundi kwenye kifuniko. Ivalishe soksi nene, mbili kama ni ya kioo chembamba. Izungushie jinzi, halafu ikae katikati ya sanduku, si pembeni, si juu, na isigusane na chupa nyenzake. Wengine wanaitia ndani ya buti jipya. Nimefanya, inafaa, ila pembeni ya buti weka nguo. Kumbuka chupa ya kioo ya lita moja ni karibu kilo moja na nusu. Kwetu sisi kilo ni pesa. Nikiweka mezani chupa mbili na jozi nne za sandali, najua kipi kinarudisha faida.

Halafu vinywaji vilivyo hai. Mwaka 2014 nilitoka Moshi baada ya msiba, nikapanda ndege KIA kuja Dar, sandukuni nimetia mbege kwenye chupa mbili za plastiki za lita moja na nusu, zimejaa hadi shingoni. Mbege ni ndizi na ulezi, haijalala, inaendelea kuchacha hata ukiifungia. Ongeza na presha ya hewa inayopungua ndege ikipanda. Sanduku lilitoka kwenye mkanda linanuka kama kilabu, na humo ndani kulikuwa na vitenge vya sare ya harusi, doti sita, si vyangu. Anayetaka kubeba mnazi, ulanzi au mbege asikie: vinywaji hivi vinyweeni vilikopikwa.

Kwa kuwa tumo kwenye mizigo, moja la pembeni kwa wanaonunua pawabenki kwa jumla. Pawabenki haiingii mzigo wa chini, popote. China tangu mwishoni mwa Juni 2025 wanazuia zisizo na alama yao ya usalama ya 3C kwenye safari za ndani, na Emirates tangu Oktoba 1, 2025 wanaruhusu moja tu kwa abiria, bila kuitumia ndani ya ndege. Nimeona watu wakiacha za zawadi kumi na mbili kaunta.

Maili

Wengi wanadhani maili ni za mawaziri na wazungu. Kwa mfanyabiashara faida kubwa si hata tiketi ya bure. Ni kilo. Mashirika yamejipanga kwenye makundi, na ukifika daraja la dhahabu la Star Alliance, kwa mfano, unapata kilo 20 za nyongeza au kipande kimoja zaidi cha mzigo, kulingana na wanavyohesabu kwenye njia hiyo. Kipande kimoja cha kilo 23 kwenye kila safari, piga mwenyewe ni jozi ngapi za viatu.

Kosa la kwanza tunalofanya ni kutawanya. Leo Ethiopian, kesho Turkish, keshokutwa Emirates, na kila mahali una kadi yenye maili kidogo zisizofika popote. Ethiopian wameingia Star Alliance mwaka 2011, na Turkish nao wamo humo. Maana yake ukiruka na Turkish kwenda Istanbul unaweza kumpa wakala namba yako ya ShebaMiles, mpango wa maili wa Ethiopian, na maili zikaingia kwenye kapu lile lile. Kenya Airways wapo SkyTeam pamoja na KLM na Air France. Qatar wapo oneworld. Emirates hawamo kwenye kundi lolote kati ya hayo, ila Skywards, mpango wao wa maili, inahudumia flydubai pia, kwa hiyo mtu wa Dubai tu anaweza kukaa hapo bila shida. Tazama safari zako za miaka miwili iliyopita, chagua kapu moja. Mimi nilichagua kwa kuangalia nani ananifikisha Guangzhou kwa kilo nyingi, urembo wa viti nikauacha.

Kosa la pili ni jina, na hili linatuumiza zaidi wanawake. Nilijiandikisha kwa jina la mume wangu kwa sababu dukani ndilo linalojulikana. Pasipoti ina jina la baba yangu. Safari tano zikapita, salio sifuri. Shirika lile likaniambia abiria na mwanachama ni watu wawili tofauti, lete vyeti. Nikapeleka cheti cha ndoa kilichotafsiriwa, barua, nakala za tiketi. Safari mbili wakazikubali, tatu zikawa zimepitwa na muda. Jina kwenye uanachama liwe herufi kwa herufi kama pasipoti, na mpangilio ule ule. Ukibadilisha pasipoti, badilisha na huko siku hiyo hiyo.

Tatu, ile herufi moja kwenye tiketi inayoonyesha aina ya nauli. Abiria wawili wamekaa kiti na kiti, daraja la kawaida wote, mmoja anapata maili zote, mwingine robo yake, kwa sababu walinunua nauli za herufi tofauti. Tiketi ya ofa mara nyingi ndiyo yenye maili chache, na nyingine hazina kabisa. Usiache ofa kwa sababu hiyo. Nauli nafuu leo ni bora kuliko maili za mwakani. Ila muulize wakala kabla: "Hii herufi inaingiza asilimia ngapi kwenye kadi yangu?" Wakala mzuri anajibu papo hapo. Asiyejua, tafuta mwingine.

Boding pasi usitupe. Ipige picha, na karatasi yenyewe uiweke kwenye bahasha mpaka uone maili zimeingia. Zisipoingia unadai, na mlango wa kudai haukai wazi milele.

Maili zinakufa, na kila shirika lina kaburi lake. Skywards hudumu miaka mitatu, kisha huisha mwishoni mwa mwezi wako wa kuzaliwa. Zawadi ya bethdei hiyo! Avios, yaani maili za Qatar, huisha kama akaunti imelala miezi 36 bila kuingia wala kutoka kitu, kwa hiyo safari moja ndogo inaziamsha. Weka kikumbusho kwenye simu miezi sita kabla.

Kuhusu zile barua pepe za "nunua maili upate nyongeza ya asilimia hamsini leo tu". Fanya hivi. Tafuta kwanza kiti unachotaka, tarehe unayotaka, uone kipo. Tazama kodi na tozo zake, maana tiketi ya maili si bure, kodi unalipa taslimu na wakati mwingine inakaribia nusu ya nauli. Jumlisha bei ya maili unazokosa. Linganisha na tiketi ya kawaida. Mara nane kati ya kumi nimefunga barua hiyo na kurudi kwenye viatu vyangu. Na usitegemee kiti cha maili wakati wa maonyesho ya biashara ya Canton huko Guangzhou, yale ya Aprili na Oktoba. Kila mtu wa Kariakoo anakwenda, viti vya maili vinatoweka mapema. Mimi natumia zangu Februari au Agosti, ndege ikiwa na nafasi.

Ukiwa na kadi, ukapata launji

Sasa hapa maili na chupa vinakutana. Daraja likipanda unafunguliwa launji, ule ukumbi wa kusubiria wa wateja maalumu, na launji nyingi pombe ni bure. Mimi huwa nakunywa divai glasi moja nikishakula, naacha. Sina utakatifu wowote, nilimwona mwenzangu.

Tulikuwa watu wanne tunarudi Dar, kusubiri saa saba. Yeye kadi yake ilikuwa imepanda daraja mwezi ule, akasema leo nafidia nauli zote. Alifidia. Getini mhudumu akamwangalia, akamwomba akae pembeni, akaita mkubwa wake. Hawakugombana naye. Walisema tu hapandi. Na asiyepanda, mizigo yake haiendi, inabidi itafutwe chini na kushushwa. Tukakaa kwenye viti dakika arobaini tunasubiri masanduku yake matatu yatolewe. Shirika lina haki ya kumkataa mlevi na tiketi inaweza kuishia hapo. Fidia ya launji ikawa nauli mpya.

Mwili wenyewe nao hauko nyumbani. Hewa ndani ya ndege inawekwa kama uko mlimani, kati ya mita 1,800 na 2,400 hivi. Sisi wa Kilimanjaro tunaelewa: ni kama umewekwa juu kidogo ya geti la Marangu, ukapewa bia, ukaambiwa usitembee saa tisa. Oksijeni inapungua kwenye damu, hewa ni kavu, na usingizi wa pombe unaipunguza oksijeni hiyo zaidi. Ukinywa glasi moja, fuatisha maji mawili. Kama unameza dawa ya usingizi, basi hata hiyo moja iache.

Na ile chupa ya kifuko chekundu usiifungue ndani ya ndege. Marekani ni sheria ya nchi kwamba hunywi pombe ila uliyopewa na mhudumu, na karibu mashirika yote yana kanuni hiyo hiyo. Ulaya wamechoka na walevi kiasi kwamba mwaka 2024 mkuu wa Ryanair, Michael O'Leary, alitaka baa za eapoti zisimuuzie abiria zaidi ya vinywaji viwili, akionyesha boding pasi kila anaponunua. Walimcheka kwa sababu ndege zake mwenyewe zinauza pombe. Mimi nilikumbuka zile dakika arobaini nikaona mzee ana hoja.

Wasiopenda harufu ya pombe kabisa, Saudia, Kuwait Airways, EgyptAir na Air Arabia hawagawi. Nimelala vizuri sana kwenye ndege hizo.

Basi yule binti nimemaliza naye jana. Namba yake ya uanachama imeshaingizwa kwenye tiketi, jina nimelisoma mwenyewe kwenye pasipoti. Wiski atanunua Addis akirudi, lita moja, risiti ndani. Akaniuliza, "Na baba akisema anataka mbili?"

Mwambie lita ni moja. Akitaka ya pili apande ndege mwenyewe, namba ya wakala ninayo.